Kofia ya Umeme na Shamba la Bondeni: Mazungumzo kuhusu Tiba ya Saratani Kali ya Ubongo

Haya ni maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa na Ofisa Habari wa Halmashauri katika mkutano wa wakazi uliofanyika ukumbi wa ofisi ya kata. Yanachapishwa kwa maombi ya waliohudhuria.



Mmezoea kuniona nikija hapa kutangaza ratiba ya chanjo, kukatika kwa maji au tarehe ya mnada. Leo nimekuja na jambo lililo mbali na kazi zangu za kila siku, na kwa hiyo naomba nitangulize ungamo: mimi si mganga. Nilisomea uandishi wa habari. Haya nitakayoyasema yamepitiwa na Mganga Mkuu wa Wilaya, ambaye alinifutia aya mbili nzima, na nilipozisoma tena nikaona alifanya vema.

Miezi kadhaa iliyopita mzee mmoja alifika ofisini kwangu akiwa na karatasi aliyoikunja mara nne. Mwanawe, fundi seremala mwenye watoto wawili, alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa kichwa. Majibu ya maabara yalionesha saratani kali ya ubongo, na madaktari wakamwandikia mionzi pamoja na dawa za kumeza. Karatasi ile, ambayo mzee alipewa na mfanyabiashara mmoja sokoni, ilikuwa na picha ya mtu aliyenyolewa nywele zote, kichwa kimebandikwa vibandiko vyeupe vyenye nyaya. Chini ya picha palikuwa na maneno ya kuahidi kwamba umeme huponya saratani ya ubongo bila mionzi wala dawa, na bei ya mkanda ambao mfanyabiashara huyo alikuwa akiuuza.

Mzee akaniambia: "Mwanangu, wewe ndiye mtu wa habari. Hii ni kweli au ni uongo? Kama ni kweli, nauza shamba la bondeni wiki hii, na huko kwenye mionzi haendi tena."

Nilinyamaza, kwa kuwa sikujua. Nikamwomba siku mbili. Katika siku hizo nilijifunza kwamba picha ile ilikuwa ya kweli na maneno yaliyo chini yake yalikuwa ya uongo, na hicho ndicho kilichonifanya niombe nafasi ya kusema nanyi leo. Uongo mtupu hauna nguvu sana, watu huutambua. Uongo uliopandikizwa juu ya picha ya kweli ndio unaouza mashamba ya watu.

Ugonjwa wenyewe huitwa glioblastoma. Ni uvimbe unaoanzia ndani ya ubongo wenyewe, si saratani iliyosafiri kutoka titi au pafu, na ndiyo saratani kali iliyo ya kawaida zaidi miongoni mwa zile zinazozaliwa ndani ya ubongo wa mtu mzima. Ukali wake hautokani na ukubwa wake tu. Uvimbe huu hauna ukingo. Mtu akitoa jiwe shambani, shimo hubaki na udongo hubaki. Lakini ugonjwa huu una mizizi mfano wa ndago, kwamba hata daktari bingwa akitoa kila anachokiona kwa macho na kwa darubini, seli chache huwa zimekwisha kutambaa ndani ya ubongo ulio mzima. Hizo ndizo zinazorudi.

Kwa sababu hiyo upasuaji peke yake hautoshi. Mwaka 2005 daktari Roger Stupp na wenzake wa Ulaya na Kanada walichapisha matokeo ya jaribio lililobadilisha matibabu ya ugonjwa huu duniani. Wagonjwa 573 waligawanywa makundi mawili kwa bahati nasibu. Kundi moja lilipewa mionzi peke yake: vipindi 30, siku tano kwa wiki, kwa wiki sita. Kundi la pili lilipewa mionzi ile ile pamoja na vidonge vya temozolomidi kila siku, kisha likaendelea na vidonge hivyo kwa miezi mingine sita, siku tano kila mwezi. Ukiwapanga wagonjwa wa kundi kwa mstari, kuanzia aliyeishi muda mfupi hadi aliyeishi muda mrefu, yule wa katikati katika kundi la mionzi peke yake aliishi miezi 12.1, na katika kundi la mionzi na dawa miezi 14.6. Tofauti hiyo yaweza kuonekana ndogo. Lakini baada ya miaka miwili, waliokuwa hai katika kundi la kwanza walikuwa asilimia 10.4, na katika kundi la pili asilimia 26.5. Yaani palipokuwa na mtu mmoja kati ya kumi, sasa palikuwa na zaidi ya mmoja kati ya wanne.

Upasuaji, mionzi na dawa: hayo matatu ndiyo mafiga. Naomba mwayakumbuke, maana yote nitakayoyasema sasa kuhusu umeme yamejengwa juu yake.

Wazo la umeme lilitoka kwa Yoram Palti, profesa wa fiziolojia katika chuo cha Technion, mjini Haifa nchini Israeli. Swali lake lilikuwa jepesi kulieleza. Seli ya saratani huishi kwa kugawanyika. Inapogawanyika, hujitengenezea nyuzi nyembamba za kuvuta nusu ya urithi wake huku na nusu kule, na nyuzi hizo hujengwa kwa vipande vidogo vya protini ambavyo kila kimoja kina upande chanya na upande hasi, mfano wa betri ndogo. Je, ukiuzungushia uvimbe nguvu ya umeme inayogeuka upande mara nyingi mno kwa sekunde, vipande hivyo havitashindwa kukaa mahali pake?

Chukueni mfano wa mama anayesuka ukili. Miyaa anayo, ujuzi anao. Lakini mtu akimtikisa viganja bila kukoma, ukili hautasukika, na mkeka hautakuwapo. Ndivyo ilivyoonekana katika maabara, na matokeo yakachapishwa mwaka 2004: seli zilizokuwa zikigawanyika zilikwama njiani, na nyingine zikafa. Seli za neva za ubongo, ambazo kwa kawaida hazigawanyiki, hazina ukili wa kuvurugwa.

Hapa pana jambo ambalo wauza mikanda hawalisemi. Si umeme wowote. Umeme unaogeuka polepole hushtua misuli na neva. Unaogeuka kwa kasi mno hupasha mwili joto. Ule unaotumika kwa glioblastoma hugeuka mara 200,000 kwa sekunde, na mahali pa kubandika vibandiko hupangwa kwa kufuata picha ya ubongo wa mgonjwa mwenyewe, kwa kuwa uvimbe wa huyu haukai alipo uvimbe wa yule. Mkanda wa kiunoni hauwezi kufanya kazi hiyo.

Kifaa chenyewe hutengenezwa na kampuni ya Novocure. Mgonjwa hunyolewa nywele zote, kisha hubandikwa vibandiko vinne vyenye nyaya zinazoshuka hadi kwenye mashine ndogo na betri anayoitembeza begani. Vibandiko hubadilishwa kila baada ya siku chache na kichwa hunyolewa upya. Anatakiwa kukivaa angalau saa 18 kila siku: akila, akilala, akienda sokoni. Hakichomi sindano wala hakilazi mtu hospitali, lakini hakimwachi mtu asahau hata kwa saa moja kwamba anaumwa. Mimi naamini hilo nalo ni sehemu ya gharama, ijapokuwa halimo katika ankara.

Je, kinasaidia? Jaribio kubwa la kwanza lilifanywa kwa wagonjwa 237 ambao ugonjwa ulikuwa umewarudia. Nusu yao walipewa kifaa peke yake, nusu wakapewa dawa ambazo daktari aliona zinafaa. Kifaa hakikuzishinda dawa; walioishi kwa kifaa na walioishi kwa dawa walikaribiana sana, ila waliovaa kifaa walipata madhara machache ya mwili mzima. Kwa msingi huo mamlaka ya dawa ya Marekani ilikiruhusu mwaka 2011 kwa waliorudiwa na ugonjwa. Mnaona, basi: pale kiliposimama peke yake, hakikuleta muujiza wowote.

Kilipounganishwa na tiba nyingine ndipo mambo yalipobadilika. Katika jaribio lililofuata, lililoongozwa na Stupp yule yule na kuchapishwa kikamilifu mwaka 2017, walishiriki wagonjwa wapya 695 katika vituo 83. Wote walikuwa wamekwisha kumaliza mionzi na dawa zake. Theluthi mbili waliendelea na vidonge vya temozolomidi wakiwa wamevaa kifaa. Theluthi moja waliendelea na vidonge tu. Mgonjwa wa katikati wa kundi la vidonge aliishi miezi 16, na wa kundi la vidonge na kifaa karibu miezi 21, ikihesabiwa tangu siku ya kugawanywa makundi. Baada ya miaka mitano waliokuwa hai walikuwa asilimia 5 upande mmoja na asilimia 13 upande wa pili. Madhara yaliyoonekana zaidi ni ngozi ya kichwa kuwasha na kuvimba kidogo, kwa zaidi ya nusu ya waliovaa.

Ni lazima niseme pia yale yanayopunguza shangwe. Kundi la pili halikuvishwa kifaa bandia, hivyo kila mtu alijua anatibiwa kwa nini. Wapo madaktari wanaolishikilia hilo hadi leo. Jaribio lilifadhiliwa na mtengenezaji. Tena, waliokuwa wamezidiwa mapema, ambao ugonjwa uliendelea kukua wakati wa mionzi, hawakuingizwa. Imeonekana vilevile kwamba waliovaa kifaa kwa zaidi ya asilimia 90 ya muda waliishi zaidi ya wenzao, lakini mtu mwenye afya nafuu ndiye awezaye kuvumilia kuvaa kifaa usiku na mchana, kwa hiyo ni vigumu kujua kipi kilitangulia. Hata baada ya kutoa hayo yote, wengi wa mabingwa wanakubali kwamba kuna kitu hapo. Mamlaka ya Marekani ilikiruhusu kwa wagonjwa wapya mwaka 2015, kitumike pamoja na temozolomidi.

Swali lililobaki ni la wakati. Katika jaribio lile kifaa kilianza baada ya mionzi kwisha, takribani miezi minne tangu ugonjwa ugundulike. Miezi minne kwa ugonjwa huu ni muda mrefu. Kwa nini kisianze siku ile ile mionzi inapoanza? Sababu ya kulitaka jambo hilo si haraka tu. Mionzi huua seli kwa kukatakata urithi wake, na seli ya saratani hujitahidi kuunga vile vipande. Katika maabara imeonekana kwamba uga wa umeme huidhoofisha kazi hiyo ya kuunga. Mmoja anabomoa ukuta, mwingine anamzuia fundi asiujenge tena; wakifanya kazi saa moja, huenda wakafika mbali kuliko kupokezana.

Kikwazo kilikuwa ngozi na vipimo. Vibandiko vinakaa juu ya kichwa kile kile ambacho mionzi inapitia. Je, havitaizuia mionzi isifike, au kuiongeza kwenye ngozi hadi iungue? Mjini Tel Aviv madaktari walijaribu kwa wagonjwa 10, wakiviondoa vibandiko kichwani wakati mionzi inapigwa, na mjini Philadelphia nchini Marekani wengine wakajaribu kwa wagonjwa 30, wakiacha vibandiko kichwani wakati mionzi inapigwa na kuipanga mionzi iiepuke ngozi kadiri iwezekanavyo. Walihitimisha kwamba inawezekana, na kwamba ngozi inavumilia. Lakini wagonjwa 10 au 30 hutosha kuonesha kwamba njia inapitika. Hawatoshi kuonesha kwamba inafika mapema kuliko ile ya zamani. Ndiyo maana likaanzishwa jaribio kubwa liitwalo TRIDENT, lililopangwa kwa wagonjwa zaidi ya 900. Humo makundi yote mawili hupata mionzi, dawa na kifaa. Tofauti ni moja tu: kundi moja huvaa kifaa tangu mionzi inapoanza, jingine hukivaa baada ya mionzi kwisha. Napenda kulieleza jaribio hili kwa sababu ya jambo lisilokuwamo. Hakuna kundi lililoambiwa liache mionzi. Watu wanaokijua kifaa hiki kuliko mtu yeyote duniani hawakuthubutu hata kulifikiria hilo.

Nije kwenye bei, kwa kuwa naona baadhi yenu mmeanza kuandika. Nchini Marekani kifaa hiki kimekuwa kikitozwa takribani dola 21,000 kwa mwezi, yaani zaidi ya shilingi milioni 50, nacho huvaliwa kwa miezi mingi. Uingereza, nchi yenye hospitali za umma zinazosifiwa, taasisi yake inayopima thamani ya matibabu iliamua mwaka 2018 kwamba kisitolewe kwa gharama ya umma, kwa kuwa faida yake haikulingana na bei. Kwa hiyo mwananchi wa kata hii asijione mnyonge kuliko wote anapoambiwa hakipo. Hakimo katika huduma tunazozipatia rufaa, na shamba la bondeni halikitoshi hata kwa mwezi mmoja.

Mafiga matatu, hata hivyo, yapo nchini. Upasuaji wa ubongo hufanyika MOI pale Muhimbili. Mionzi hutolewa katika Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam, na kwa sisi wa Kanda ya Ziwa, Bugando jijini Mwanza. Nimezungumza na familia tatu zilizopitia safari hiyo, na zote zimeniambia jambo moja: mzigo mzito haukuwa kulala kwenye mashine ya mionzi, ambako mtu hukaa dakika chache tu. Mzigo ulikuwa wiki sita za kukaa mjini. Kipindi ni cha dakika, lakini ni kila siku ya kazi, na mtu hawezi kurudi kijijini jioni. Pango, chakula, nauli ya daladala, mtu wa kumsindikiza, na huku nyumbani palizi inasubiri. Wagonjwa wanaokatisha mionzi mara nyingi hawaikatishi kwa kuogopa. Wanaikatisha kwa kuishiwa. Hapo ndipo mtu mwenye karatasi iliyokunjwa mara nne anapopata mlango.

Kwa hiyo, kabla familia haijauza chochote, ifike kwa Ofisa Ustawi wa Jamii wa Halmashauri ikiwa na barua ya Mtendaji wa Kijiji na karatasi ya rufaa. Yeye ndiye anayetathmini uwezo wa familia kwa mujibu wa miongozo ya msamaha wa gharama, na ndiye anayewasiliana na wenzake wa ustawi wa jamii katika hospitali ya rufaa. Mwende kabla ya safari. Kulishughulikia jambo hilo mgonjwa akiwa tayari Mwanza na fedha zimekwisha ni kazi ngumu maradufu. Na mkiwa kwa daktari, ulizeni waziwazi kuhusu dawa: ipo, inapatikana wapi, na kwa bei gani. Daktari hakasiriki kwa kuulizwa.

Mganga Mkuu ameniomba niongeze dalili, nami natii. Kuumwa kichwa ni jambo la kila mtu, na mara nyingi mno si uvimbe. Lakini kichwa kinachouma kwa namna mpya, kikizidi alfajiri na kuandamana na kutapika. Mkono au mguu wa upande mmoja unaopoteza nguvu siku hadi siku. Mtu mzima anayeanza kukosa maneno aliyoyazoea, au kubadilika tabia hadi mkewe anamwona mgeni. Hayo yafikishwe kituo cha afya. Na zaidi ya yote, mtu mzima aliyeanguka kifafa kwa mara ya kwanza maishani mwake. Hilo kwetu huelekezwa kwanza kwingine, nanyi mnajua ni wapi. Sina ugomvi na maombi ya mtu. Naomba tu gari la kwenda hospitali lisisubiri yamalizike.

Nirudi kwa mzee wangu. Siku mbili zilipokwisha alirudi, nikamsomea haya kwa ufupi, akiwa ameinamisha kichwa. Nilipomaliza aliniuliza swali moja: "Kwa hiyo hao wazungu wenye kofia, nao huenda kwenye mionzi?" Nikamjibu, ndiyo baba, kwanza. Akaichukua karatasi yake mezani, akaikunja tena mara nne, akaondoka. Kijana alikwenda Mwanza wiki iliyofuata na akakaa kwa shemeji yake. Alikamilisha vipindi vyote 30. Madaktari hawakumwahidi kupona, na mimi sitamwahidia hapa mbele yenu. Mwezi uliopita alikuwa karakanani akitengeneza meza za shule ya msingi, akifanya kazi asubuhi na kupumzika mchana. Shamba la bondeni limepandwa mpunga.

Mheshimiwa Diwani, naomba niishie hapo. Muuguzi wa kituo cha afya na Ofisa Ustawi wa Jamii wamekaa pale mbele; maswali ya tiba yaende kwa muuguzi, ya barua na gharama yaende kwa ofisa, na mwenye karatasi kama ile ya mzee aniletee mimi.